UNAKIMBIA VIZURI! LAKINI UMEBEBA HABARI GANI?



Karatasi hii umepewa bure. Usiifungie karanga, wala usiitupe chini ya mwembe. Isome mpaka mwisho, kwa maana mwishoni kuna mtu tunamtafuta, na huenda ukawa ni wewe, au ni mtu unayemjua.

Mimi ni mtu wa Kinjumbi, wilaya ya Kilwa. Sina sifa ya ukimbiaji. Shuleni nilikimbia kama watoto wote, tena kwa kuogopa fimbo ya mwalimu wa zamu. Lakini kuna siku moja nilikimbia mbio ambazo mpaka leo nikizikumbuka nashangaa. Nataka nikusimulie siku hiyo, halafu nikuulize swali moja tu.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa Mei 2024. Utakumbuka masika ya mwaka ule, na kile kimbunga kilichoitwa Hidaya. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga. Maji yalisomba madaraja na makalavati, mabasi yakasimama huku na huku, na Kusini yote ikawa kama kisiwa.

Katikati ya taabu hiyo mama yetu akashikwa na homa na kifua. Zahanati walimpa dawa, lakini usiku kucha mama alikuwa anaita jina moja tu, jina la kaka yangu mkubwa anayeishi Somanga. "Nileteeni mwanangu." Tulipiga simu, haipatikani. Nilimfuata kijana wa bodaboda, akaiangalia njia, akaniangalia mimi, akasema, "Mchungaji, hapa hata ukinilipa pikipiki mpya siendi."

Nani aende? Wote walinitazama mimi.

Ndugu yangu, mimi na kaka tulikuwa hatusemezani. Miaka 13! Tukikutana msibani tunapeana mkono wa baridi, basi. Namba yake hata simuni kwangu haikuwamo. Lakini mama ni mama. Nikafunga Biblia yangu kwenye nailoni, nikatia begini na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, nikatoka alfajiri. Kandambili nilizivua palepale kwenye tope la kwanza, nikazishika mkononi.

Nilikuwa na miaka 46. Tumbo limeanza kunitangulia, na magoti yangu yakipanda kilima yanalalamika. Nilijipangia kutembea pole pole na kupumzika kila penye kivuli.

Nilipovuka kijito cha kwanza, maji yakiwa yamefika kiunoni, nikapanda ng'ambo nikiwa natetemeka kwa baridi. Nikasema, ngoja nikimbie kidogo nipate joto. Nikaanza. Hatua ishirini, hatua hamsini, hatua mia. Nikangoja pumzi iniishie, haikuisha. Nikangoja magoti yalalamike, yalikuwa kimya! Njia ikateremka kati ya mashamba ya ufuta, ufuta umesimama na maganda yake, mvua imekatika, upepo wa pwani unanipiga usoni. Nikasikia mwili umekuwa mwepesi kama wa kijana wa jando. Kilima nilichokuwa nakiogopa tangu nyumbani nilikipanda mbio, nikafika juu nikiwa nacheka peke yangu.

Watoto walitoka kwenye vibanda vya shamba wakanifuata wakipiga kelele mpaka wakachoka wao. Akina mama waliokuwa kisimani walisimama na ndoo zao. "Kuna nini huko?" Unajua kwetu, mtu mzima akikimbia kuna jambo. Wahenga walisema mtu hakimbii miibani bure. Mimi nikawajibu kwa mkono tu, nikapita. Nikaanza kuimba pambio, na miguu ikafuata makofi ya pambio. Haleluya! Nakwambia kweli mbele za Mungu, sijawahi kufurahia mwili huu niliopewa kama nilivyoufurahia asubuhi ile.

Nikaanza kujisemea moyoni, "Huu ni upako. Nikifika nitashuhudia. Jumapili nitawasimulia kanisani jinsi Bwana alivyonipa miguu."

Wakati nawaza hivyo, nilikuwa nakaribia nyumba ya mzee mmoja iliyo kando ya njia.

NGUVU ZINATOKA KWA MUNGU

Hapo kwa mzee tutarudi. Kwanza fungua Biblia yako, 1 Wafalme 18, mstari wa mwisho. Eliya alikuwa amekesha na kazi siku ile mlimani Karmeli. Alijenga madhabahu, aliomba moto ukashuka, akapanda tena juu kuomba mvua. Mtu wa namna hiyo jioni hutafuta mkeka. Lakini mkono wa Bwana ukawa juu yake, akajifunga nguo kiunoni, akakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu, katika mvua, mpaka Yezreeli. Farasi wako nyuma, mtu kwa miguu yuko mbele!

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba Mungu hashughuliki na miguu. Anashughulika nayo. Isaya naye anatuambia katika sura ya 40 kwamba vijana wenyewe huchoka na kuanguka, lakini wanaomngoja Bwana hupokea nguvu mpya.

Sisi Watanzania tumeona wakimbiaji kwa macho yetu. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Japani, Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia. Kilomita 42 na zaidi! Wakaingia uwanjani, Mjerumani yuko mbele, mtu wa kwetu yuko nyuma. Hatua za mwisho kabisa Simbu akapata nguvu, akampita. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi waangalie picha, wakakuta tofauti ni sehemu tatu tu za mia ya sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Watu walilia kwa furaha.

Sasa sikiliza, mpendwa. Kuna watu wanasoma karatasi hii na mambo yao yanakwenda kwa kasi. Biashara imefunguka. Ufuta umezaa. Kwaya inapendwa. Ukihubiri watu wanaanguka. Ukiomba wagonjwa wanasimama. Unakimbia vizuri! Wala sisemi nguvu hizo ni za shetani. Nasema tu kwamba Mungu hampi mtu nguvu ili ajitazame miguu. Tazama Eliya huyohuyo. Fungua ukurasa unaofuata, sura ya 19. Yezebeli alimtumia maneno tu, hakumtumia jeshi, na Eliya akakimbia tena. Safari hii anakimbia kwa hofu, mpaka akalala chini ya mretemu akiomba afe. Miguu ni ileile, na mtu ni yuleyule! Nguvu za jana hazikumsaidia leo, mpaka malaika alipomletea mkate na maji. Ukijisifia mbio za jana, kesho utalala chini ya mti.

MKIMBIAJI ALIYEMEZA HABARI

Twende 2 Samweli 18. Vita vimekwisha, Absalomu mwana wa mfalme amekufa. Lazima mtu apeleke habari kwa Daudi. Yoabu akamtuma Mkushi. Lakini kulikuwa na kijana mmoja, Ahimaasi mwana wa Sadoki, hodari wa mbio. Akaomba, "Na mimi nikimbie." Yoabu akamkatalia, akamwambia wazi kwamba mwana wa mfalme amekufa, habari ya leo si ya kupokelea zawadi. Ahimaasi akang'ang'ania mpaka akaruhusiwa. Akashika njia ya bondeni, akampita Mkushi aliyetangulia!

Mlinzi juu ya lango alimtambua kwa mbali kwa ule mwendo wake. Fikiri! Mtu anajulikana kwa mwendo tu. Mfalme naye akasema huyu ni mtu mwema, ataleta habari njema.

Akafika. Akainama. Akasema mambo ni salama. Daudi akamwuliza lile jambo lililomkaa moyoni: je, kijana wangu hajambo? Ahimaasi, ambaye aliambiwa kwa masikio yake, akajibu eti aliona ghasia kubwa, lakini hakujua ni nini.

Unaona, ndugu? Alikuwa na miguu na pumzi, akawa wa kwanza kufika. Na habari alikuwa nayo, lakini aliimeza. Mfalme akamwambia ajitenge asimame pembeni. Huo ndio mwisho wa mbio zile nzuri: kusimama pembeni wakati Mkushi, aliyefika wa pili, anaisema ile kweli.

Hata hapa kwetu tunajua kwamba miguu haitoshi. Mwaka 1905, katika milima hii ya Wamatumbi, wajumbe walioitwa mahongo walipita njia hizihizi kwa kasi, kijiji kwa kijiji, wakipeleka dawa ya maji kutoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wazee wetu walikuwa na haki ya kuikataa pamba ya kulazimishwa na viboko vya Wajerumani. Hatuwacheki. Walikuwa na moyo kuliko sisi. Lakini habari iliyobebwa na miguu ile, kwamba risasi zitageuka maji, haikuwa kweli. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka uleule. Vita viliendelea mpaka 1907, na watu wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula vyao kuchomwa moto. Mjumbe anaweza kukimbia vizuri kabisa, na habari yake ikawaponza wanaomsikiliza.

Sasa turudi njiani.

MZEE WA KANDO YA NJIA

Mzee yule alikuwa amekaa barazani na kofia yake, ametoka kusali alfajiri. Namheshimu toka utoto wangu. Nikapunguza mwendo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakimbia vizuri, mwanangu. Kuna habari gani?"

"Mama anaumwa. Nakwenda Somanga kumwita kaka."

"Mungu ampe afya. Habari ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mzee."

Akaniangalia kwa muda. Akasema pole pole, "Mjukuu wangu naye alikuwa anakimbia vizuri. Mara ya mwisho kumwona, alikuwa anakimbia njia hiihii. Haya, nenda. Usimcheleweshe mama yako."

Hakusema lingine. Lakini mimi ndugu yenu nilihisi nimepigwa rungu.

Nikuambie sasa jambo ambalo nililificha miaka 13. Mwaka 2011, kabla sijaokoka, nilikuwa mlevi. Kaka alikuwa ameweka magunia sita ya ufuta ghalani kwake. Ilikuwa jasho la msimu mzima, na alikusudia kuezeka nyumba kwa bati. Usiku mmoja nilimleta mlanguzi, tukayatoa magunia yote sita, nikala pesa ile mpaka ikaisha. Asubuhi kaka alipopiga kelele za mwizi, nami nilipiga kelele! Tena nilipiga kuliko wote. Mtu mmoja akasema alimwona mjukuu wa mzee yule akipita usiku. Kijana alikuwa ametoka kuvua tu. Nilijua hana hatia. Nikanyamaza. Kijiji kikamkimbiza kwa marungu, akaponea porini, hakurudi tena. Kaka kwa uchungu akauza shamba akahamia Somanga kukaanga samaki wa kuwauzia abiria wa mabasi. Mimi na yeye tukakosana kwa sababu alianza kuniuliza maswali, na mimi nikajifanya nimeonewa.

Mwaka 2013 niliokoka kwenye mkutano wa injili. Nililia, nilitubu, niliacha pombe siku ileile, na Bwana alinisamehe kweli. Silikanushi hilo hata kidogo. Nikawa mwinjilisti. Nikahubiri Kinjumbi, nikahubiri mpaka Kilwa Masoko. Watu waliokoka. Lakini mwenye ufuta sikumwambia, wala mzee mwenye mjukuu. Nilijisemea, "Ya kale yamepita." Kumbe ya kale yalipita kwangu mimi peke yangu. Kwa mzee yule yalikuwa bado yamekaa barazani kila asubuhi, yakitazama njia.

Mimi ndiye Ahimaasi! Mwendo wangu ulijulikana wilaya nzima, na habari nilikuwa nayo nikaimeza. Mungu alinisemesha asubuhi ile kwa kinywa cha mzee ambaye hasali kanisani kwetu, na maneno yake yalikuwa machache kuliko mahubiri yangu yote.

Miguu ikaniishia. Mwili haukuchoka, moyo ndio uliolegea. Nilikaa kwenye gogo, muhogo ukanishinda kumeza. Nikataka kurudi. Nikaomba, "Bwana, nitumie mtu mwingine." Lakini habari ya mama hata mtoto angeweza kuipeleka. Hii nyingine ilikuwa na mjumbe mmoja tu duniani.

Nikasimama. Na hapa ndipo nilipojifunza mbio ni nini. Zile za kwanza nilikimbia kwa furaha ya miguu. Hizi za pili nilikimbia huku nikiogopa kufika. Lakini nilikimbia. Nguvu zikarudi, na safari hii sikuwaza kuzishuhudia kwa mtu.

HABARI YA PILI

Nilimkuta kaka mbele ya karai la mafuta. Abiria waliokwama walikuwa wamejaa, kila mtu anataka samaki. Akaniona nilivyo, tope mpaka kichwani. Akaweka kijiko chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mama anaumwa, anakuita."

Hakuuliza lingine. Alimwachia shemeji karai, akavaa shati, akasema, "Twende."

Ndugu, hapo ningeweza kuondoka. Nimefika, nimesifiwa kwa mwendo, mama amepata mwanawe. Shetani akaninong'oneza, "Ya ufuta utamwambia mama akipona."

Nikasema, "Kaka, nina habari ya pili."

"Utanieleza njiani."

"Njiani nitaogopa. Ngoja niiseme hapahapa."

Nikapiga magoti kwenye tope, mbele za abiria, nikasema yote. Magunia sita, mlanguzi, kelele za mwizi. Na yule kijana.

Kaka alinyamaza sana. Mafuta yanachemka, watu kimya. Mwisho akasema, "Magunia nilishayasahau, mdogo wangu. Huyo kijana sijamsahau. Kidole cha kwanza kilichomnyooshea kilikuwa changu." Akaangalia pembeni, akafuta uso. "Inuka. Mama kwanza. Halafu twende wote kwa mzee."

Hakunikumbatia, wala hakuniambia amenisamehe siku ile. Alitangulia mbele, mimi nyuma, na tukaenda kilima kizima bila neno. Ilichukua miezi. Sitaki kukudanganya kwamba mambo haya humalizika kwa siku moja kama kwenye filamu. Lakini tulipofika kwenye kijito, maji yakiwa yamezidi, kaka alinyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka, na mimi nikaushika.

Mama alituona wote wawili tumesimama kitandani pake. Alipata nafuu, akakaa nasi miezi minne zaidi ndipo akalala.

Kwa mzee tulikwenda siku ya tatu. Nilidhani atanilaani, na nilistahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa kama akirudi, atarudi kwenye jina lake." Basi.

Ufuta nimeulipa. Msimu wa 2024 magunia mawili, msimu wa 2025 magunia sita. Utauliza, mbona nane na ulikula sita? Soma Walawi 6. Pale aliyekula mali ya mwenzake anaagizwa kurudisha yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Nilipiga hesabu nikaona heri gunia zima lizidi, kuliko kupungua kibaba.

JE, MATENDO HAYA YANAOKOA?

Mtu atasema, "Mwinjilisti, je, tunaokolewa kwa kulipa ufuta?" Hapana! Tunaokolewa kwa damu ya Yesu, kwa neema, bure kabisa. Zakayo hakulipa ndipo Yesu akaingia nyumbani kwake. Yesu aliingia kwanza. Lakini wokovu ulipoingia, fedha za watu zilianza kutoka (Luka 19). Kama Yesu ameingia kwako na cha jirani hakijatoka, jiulize umemkaribisha mpaka chumba gani. Na Mathayo 5 inasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako palepale, nenda kwanza mkapatane. Haikusema kama wewe una neno juu yake. Ni kama YEYE ana neno juu yako.

Waangalie wale wawili wa Emau (Luka 24). Walitembea jioni wakiwa wamevunjika moyo, wakafika wamechoka, usiku umeingia. Walipomtambua Bwana katika kuumega mkate, waliondoka saa ileile kurudi Yerusalemu, gizani, njia ileile! Nani aliwapa miguu mipya? Ni ile habari. Ukibeba habari ya kweli, habari yenyewe inakubeba.

Na hata ukifika umechelewa, fika. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Mimi habari yangu ilichelewa miaka 13. Lakini ilifika.

MAMBO MATATU YA KUFANYA LEO

1. Mpokee Yesu. Bila yeye, kukiri kosa ni aibu tu. Ukiwa naye ni uzima.

2. Kumbuka ile habari uliyoimeza. Unaijua. Ilikujia kichwani tangu ulipoanza kusoma. Ni mkopo wa jirani? Mpaka wa shamba uliousogeza? Mtoto uliyemkana? Mtu aliyebeba kosa lako?

3. Nenda. Usimtume mtu, usisubiri msimu. Inuka na miguu hiyohiyo.

SALA YA TOBA

Omba hivi kwa moyo wako wote: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nakiri dhambi zangu, na ile niliyoificha naitaja mbele zako sasa. Nisafishe kwa damu yako. Liandike jina langu katika kitabu cha uzima. Nipe nguvu za kukimbia, na nipe ujasiri wa kusema kweli nikifika. Amina."

Kama umeomba sala hii, tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu nawe, uwaambie wapendwa wakuombee. Lakini kama kuna nyumba ya kupitia kabla ya kanisa, pitia huko kwanza.

NENO LA MWISHO

Kwa kijana aliyekimbia kutoka kwetu mwaka 2011. Sasa utakuwa mtu mzima, huenda una watoto. Jina lako silitaji hapa, maana lilishatajwa vibaya vya kutosha, na mimi nilisikia nikanyamaza. Kama karatasi hii imekufikia, iwe ni Lindi, Mtwara, Mbagala au popote, jua kwamba hukuiba. Nimesema hivyo mbele ya kaka, nimesema mbele ya serikali ya kijiji, na kwenye mkutano wa injili nimesema kwa kipaza sauti. Sikudai unisamehe. Nakuomba tu urudi.

Babu yako bado anakaa barazani asubuhi, anatazama njia. Ukija, njoo mbio.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Mungu akubariki.